Doa Jeupe Si Kiharusi Mpaka ADC Iseme: Namna ya Kusoma Picha za Difyusheni za Ubongo

Kila wiki simu yangu hupokea picha ileile. Skrini ya kompyuta imepigwa kwa mshazari, taa ya tyubu imejichora katikati ya ubongo wa mgonjwa, na chini yake ujumbe: "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu usiku huu. Hili jeupe la kushoto ni kiharusi?" Jibu langu nalo ni lilelile: marahaba, nitumie ADC. Hapo ndipo maswali yanapoanza. ADC ndiyo ipi? Mbona ina ukungu ukungu? Huku jeupe, kule jeusi, niamini ipi?

Nimeyajibu moja moja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja: namna ya kusoma difyusheni, yaani picha za MRI zinazoonyesha maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Naandika kwa ajili ya daktari aliye zamu, tabibu, mwanafunzi anayeanza radiolojia, na radiografa anayetaka kujua picha anazotoa zinamwambia nini anayezisoma. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya ripoti ya mtaalamu wa radiolojia. Ni wa saa nane usiku, mgonjwa yuko kitandani na ripoti itaandikwa asubuhi. Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa na umeshika sidii mkononi, karibu usome, lakini majibu ya mgonjwa wako mwulize anayemtibu.

KABLA HUJAANZA

Uwe na vitu hivi:

- Picha zenyewe ndani ya programu ya kusomea DICOM, yaani faili asilia za picha za hospitali. Filamu iliyochapishwa haikuruhusu kubadili mwanga, na picha ya simu ndiyo kabisa.
- Seti nne: b0 na b1000 (picha za difyusheni zenyewe), ramani ya ADC (kipimo cha mwendo wa maji kinachotokana na hizo mbili), na FLAIR (picha ya T2 ambayo maji ya ubongo yamezimwa). Ukipata SWI, au zile za T2 zinazoonyesha damu, umebarikiwa.
- Saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Angalia, sijasema saa aliyokutwa ameanguka. Mtu aliyelala mzima saa 4 usiku akaamka saa 12 asubuhi mdomo umepinda, saa yake ni 4 usiku.
- Sukari ya mgonjwa, iliyopimwa leo. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.
- Majibu ya maswali matatu: ana homa? Amepata degedege? Hali yake ya VVU ikoje?
- CT au MRI ya zamani kama ipo. Watu wengi wana bahasha kabatini na hawaitaji mpaka waulizwe.
- Nguvu ya sumaku ya mashine. Mwongozo huu ni wa tesla 1.5 na 3. Kwenye mashine za sumaku ndogo, difyusheni huwa na chenga nyingi. Zisome, lakini usizibebeshe uamuzi mzito peke yake.

NADHARIA KIDOGO TU

Molekuli za maji hazitulii. Mashine inazivuruga kwa msukumo mmoja wa sumaku, kisha inazipanga tena kwa msukumo wa pili. Molekuli iliyobaki pale pale inarudi kwenye mstari, na mahali pake panang'aa. Iliyohama hairudi, na mahali pake panafifia. Namba ya b ni ukali wa msukumo huo: b0 ni bila msukumo, b1000 ni msukumo wa kawaida kwa ubongo wa mtu mzima, na kipimo chake ni sekunde kwa milimita ya mraba.

Seli ya ubongo ikikosa damu, pampu zake za sodiamu zinasimama, maji yanaingia ndani, seli inavimba, na maji yanakosa nafasi ya kutembea. Ndiyo "difyusheni iliyobanwa". Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake walionyesha kwa paka kwamba badiliko hili linaonekana dakika 45 tu baada ya mshipa kuzibwa, wakati T2, picha ya kawaida ya MRI ambayo maji huonekana meupe, ilikaa saa 2 hadi 3 bila kuona kitu. Faida yote ya kipimo hiki kwa mgonjwa wa kiharusi iko hapo.

Nadharia basi. Twende kazini.

HATUA YA 1: Soma jina, kisha jua kushoto ni wapi

Jina, umri, tarehe, saa ya kupimwa. Halafu kumbuka kwamba upande wa kulia wa skrini ni kushoto kwa mgonjwa. Ujumbe niliouanzia, "hili jeupe la kushoto", mara nyingi nikifungua picha nakuta doa liko kulia kwa mgonjwa, na mkono uliolegea ni wa kushoto. Tafuta herufi L au R pembeni ya picha kabla hujasema neno.

HATUA YA 2: Pitia b1000 yote, kutoka shina la ubongo hadi utosini

Panda taratibu, kisha shuka. Mara ya kwanza usitafute ugonjwa. Tafuta tofauti kati ya upande mmoja na mwingine. Kidonda kidogo cha kiharusi huwa kama punje ya mchele, na ukikimbiza kipanya utakiruka. Kaza mwanga wa picha mpaka ubongo wa kawaida uwe kijivu na maji ya ubongo yawe meusi. Kama ubongo wote umekuwa mweupe, tatizo ni mwanga ulioweka wewe.

Onyo. Kuna maeneo yanayong'aa bila ugonjwa wowote:

- Juu ya mfupa wa sikio na juu ya uwazi wa pua. Hewa ikikutana na mfupa, sumaku inayumba, na picha inapata ukingo mweupe uliopinda. Ukiona mng'ao uko pande zote mbili na umekaa juu ya hewa, tulia.
- Njia za neva zinazoshuka kwenda uti wa mgongo. Hung'aa kidogo, sawasawa kushoto na kulia.
- Plekso ya koroidi kwa wazee. Vidonge viwili vyeupe ndani ya ventrikali vimeshanipigisha simu za bure nyingi tu.

HATUA YA 3: Fungua ADC pembeni, mstari kwa mstari

Kama utasahau mengine yote, hatua hii usiisahau. Picha ya b1000 ina mambo mawili ndani yake: mwendo wa maji, na mwanga wa T2 uliokuwepo tangu mwanzo. Kidonda cha zamani chenye T2 kali kitang'aa kwenye b1000 kwa mwanga wa kuazima, ingawa maji yake yanatembea vizuri tu. Ramani ya ADC imeondoa mwanga huo wa kuazima. Ndiyo maana haionekani nzuri machoni, lakini ndiyo inayosema kweli.

Linganisha hivi:

- b1000 jeupe, ADC jeusi: difyusheni imebanwa kweli. Endelea na hatua ya 4.
- b1000 jeupe, ADC jeupe: mwanga wa kuazima wa T2. Si kiharusi cha leo.
- b1000 jeupe, ADC kijivu kama jirani yake: huenda ni kiharusi cha wiki moja hivi, ADC iko njiani kurudi. Rudi kwenye historia ya mgonjwa.
- b1000 jeusi, ADC jeupe: maji huru. Kovu la zamani, kifuko cha maji, au uvimbe wa maji nje ya seli.
- Jeusi kote kote: fikiria damu au kalsiamu. Hapo ADC haiaminiki, nenda SWI au CT.

Niliwahi kuumbuka kwa jambo hili hili. Nikiwa bado mwanafunzi, aliletwa bibi mmoja mwenye presha, amechanganyikiwa tangu jana yake, hamtambui mjukuu wake. Kwenye b1000 nikaona mabaka mawili meupe pembeni mwa ventrikali. Nikaandika "kiharusi kipya", nikapiga simu wodini kwa sauti ya kujiamini. Asubuhi mwalimu wangu alikaa, akafungua picha, akauliza swali moja: "ADC umeitazama?" Ilikuwa nyeupe pepe. Mabaka yale yalikuwa ya miaka mingi, kazi ya presha. Kilichomchanganya bibi ni sodiamu iliyoshuka kwa sababu ya dawa ya presha ya kukojoza, na usiku mzima hakuna aliyeipima, kwa kuwa mimi nilishatoa jibu.

HATUA YA 4: Pima kwa namba, usitegemee jicho

Chora duara dogo ndani ya kidonda kwenye ramani ya ADC, kisha duara kama hilo upande wa pili, mahali pale pale. Andika namba zote mbili.

Kwa mtu mzima, ubongo wa kawaida uko karibu na 0.7 hadi 0.9, na maji ya ubongo karibu na 3.0, yote mara 10⁻³ mm² kwa sekunde. Programu nyingi za kupima eneo lililokufa kwenye kiharusi hutumia mpaka wa 0.62. Usiushike mpaka huo kama mzani wa dhahabu. Tofauti na upande wa pili ina uzito kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Onyo la vipimo: mashine moja itakuandikia 0.62, nyingine 620, nyingine 62. Ni kitu kimoja, sufuri tu zimehama. Pima maji ya ventrikali kwanza. Ukipata 3000, basi ubongo wa kawaida kwenye mashine hiyo ni kama 800.

Onyo la duara: likigusa maji ya ubongo hata kidogo, namba inapanda na kiharusi kinapotea. Kwenye gamba la ubongo, ambalo ni jembamba, kosa hili hutokea kila siku.

Na kama huna ramani ya ADC lakini una b0 na b1000, hesabu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu (ln ni logi asilia, ina kitufe chake):

ADC = ln(mwanga wa b0 ÷ mwanga wa b1000) ÷ 1000

Mfano. Eneo lina mwanga 1000 kwenye b0. Kwenye b1000 likibaki na 450, ADC ni 0.80, ubongo wa kawaida. Likibaki na 670, ADC ni 0.40, limebanwa. Likibaki na 50 tu, ADC ni 3.0, hayo ni maji. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii kwa mkono ndipo ADC ilipoacha kuwa uchawi kwangu.

HATUA YA 5: Uliza kama kidonda kinafuata mshipa

Kiharusi cha kuziba kwa ateri hukaa ndani ya shamba la mshipa wake, na mpaka wake unaonekana. Kama doa ni moja ndani ya shamba moja, tafuta mshipa huo. Kama madoa ni mengi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, mabonge yanatoka juu zaidi: pima moyo. Kwetu usisahau valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki kwa vijana, wala mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa wazee. Madoa yaliyojipanga kwenye mpaka kati ya mashamba mawili yanakuelekeza kwenye presha iliyoshuka au ateri ya shingo iliyobana. Mtoto mwenye selimundu akija na udhaifu wa upande mmoja, kiharusi kiwe cha kwanza kichwani mwako, umri wake usikuzubaishe.

Kama hakifuati mshipa wowote, simama. Difyusheni inabanwa na mambo mengi:

- Sukari iliyoshuka. Inaweza kung'arisha gamba la ubongo pande zote mbili, hipokampasi, hata njia za neva, na kwa mgonjwa ikalegeza upande mmoja kama kiharusi halisi. Ndiyo maana nilidai sukari kabla hujaanza. Dawa yake iko kwenye droo ya wodi, na ikiwahi, doa linaweza kufutika.
- Degedege la muda mrefu. Gamba la ubongo linang'aa, pamoja na hipokampasi na sehemu ya nyuma ya thalamasi, bila kujali mipaka ya ateri. Mara nyingi hupungua baada ya siku chache.
- Herpesi ya ubongo. Upande wa ndani wa tundu la panja pamoja na insula, kwa mgonjwa mwenye homa na tabia iliyobadilika. Anza asikloviri, usisubiri maabara.
- Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Ni adimu. Utepe mweupe kwenye gamba, na mng'ao kwenye viini vya ndani, kwa mtu ambaye akili imeporomoka ndani ya wiki au miezi. Hapa difyusheni huona kuliko picha nyingine zote.

HATUA YA 6: Kadiria umri wa kiharusi

Kwa kiharusi cha kawaida, mambo huenda hivi. Ndani ya saa moja b1000 huanza kung'aa na ADC kushuka. FLAIR hubaki kimya kwa saa kadhaa za mwanzo. ADC huwa chini kabisa katika siku 1 hadi 4, hurudi kwenye kijivu cha kawaida baada ya wiki moja hadi siku 10, kisha hupanda juu na kubaki huko. Lakini b1000 inaweza kuendelea kung'aa wiki mbili na zaidi, kwa mwanga ule wa kuazima. Anayesoma b1000 peke yake ataliita la leo doa la siku 12.

Ule ukimya wa FLAIR una kazi. Mgonjwa aliyeamka na kiharusi hana saa. Ukikuta b1000 imeng'aa na FLAIR haijaona kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hajapita saa 4 na nusu. Utafiti wa WAKE-UP wa huko Ulaya, uliochapishwa 2018, uliwatumia wagonjwa 503 wa namna hii. Waliopewa alteplesi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, 53.3% walikuwa na hali nzuri baada ya siku 90, dhidi ya 41.8% ya wasiopewa. Damu kuvuja ubongoni nako kuliongezeka upande wa dawa, kwa hiyo si dawa ya kutoa kwa pupa. Najua alteplesi haipo kila hospitali, na pale ilipo bei yake inakatisha tamaa. Hata hivyo, kujua umri wa kidonda kunakusaidia kuamua nani wa kukimbizwa kwenye rufaa usiku huu na nani wa kutulizwa wodini.

HATUA YA 7: Kidonda chenye pete, tazama kilichomo katikati

Mgonjwa amepewa dawa ya kontrasti, na kidonda kimejitokeza kama pete. Jipu, saratani, toksoplazma, au kifua kikuu? Mjini na kijijini, swali hili ni letu kuliko la Ulaya, na difyusheni inasaidia sana ukijua mahali pa kutazama. Usitazame pete. Tazama shimo lake.

Jipu la bakteria lina usaha, na usaha ni mzito. Maji yamekwama: katikati ni jeupe pepe kwenye b1000 na jeusi kwenye ADC. Saratani iliyooza katikati ina majimaji mepesi: katikati jeusi kwenye b1000, jeupe kwenye ADC. Ukipata picha ya kwanza, mpigie simu daktari wa upasuaji wa ubongo muda huo huo.

Toksoplazma kwa mgonjwa wa VVU mara nyingi haina katikati iliyobanwa kama jipu, lakini inabadilikabadilika, kwa hiyo usiape. Desturi ya kumtibu na kurudia picha baada ya wiki mbili hivi bado ni nzuri. Limfoma ya ubongo ina seli zilizosongamana, hivyo sehemu yake ngumu inayovuta kontrasti ndiyo yenye ADC ya chini. Uvimbe wa kifua kikuu ndio msumbufu kuliko wote: ukiwa umegeuka majimaji ndani huweza kuonekana kama jipu la kawaida, na ukiwa mgumu huonekana kama kitu kingine kabisa. Hapo nategemea picha ya kifua, maji ya uti wa mgongo na historia kuliko difyusheni.

Kwenye maeneo yenye ufugaji wa nguruwe, kama Mbulu na Nyanda za Juu Kusini, usisahau mabuu ya tegu. Kifuko chake kina maji yanayofanana na maji ya ubongo, ADC juu, na wakati mwingine kichwa cha buu huonekana ndani yake kama nukta nyeupe.

HATUA YA 8: Kwa mtoto mchanga, badilisha miwani

Mtoto aliyechelewa kulia, amepata degedege siku ya kwanza. Mambo matatu yanawaponza wanaoanza.

La kwanza ni siku. Ukimpima katika saa 24 za kwanza, madhara yanaweza kuonekana madogo kuliko yalivyo. Ukimpima baada ya wiki, ADC imeshaanza kurudi na picha itaonekana safi kwa uongo. Siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo nzuri.

La pili ni namba. Ubongo wa mtoto mchanga una maji mengi, na ADC yake ya kawaida iko juu ya ile ya mtu mzima. Mpaka wa 0.62 haumhusu. Mtoto anaweza kuwa na 0.8 kwenye maada nyeupe, ukasema salama, kumbe imebanwa vibaya.

La tatu ndilo baya zaidi: madhara huwa pande zote mbili sawasawa. Nilikuambia kwenye hatua ya 2 utafute tofauti ya kushoto na kulia. Hapa mbinu hiyo inakuangusha. Tazama thalamasi na putameni, viini vya ndani ya ubongo, kisha linganisha na ubongo mdogo ulio nyuma. Kama sehemu kubwa ya juu imeng'aa na ubongo mdogo umebaki wa kawaida, usidanganyike kwamba ubongo mdogo ndio mgonjwa.

HATUA YA 9: Andika ulichokiona kabla ya unachokidhani

Hivi, kwa mfano:

"Mwanamke, miaka 61. Udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Alionekana mzima saa 2 usiku, MRI saa 6 usiku. Sukari 6.8. b1000: eneo jeupe, insula na putameni ya kushoto. ADC: 0.45, upande wa kulia 0.80. FLAIR: hakuna badiliko. SWI: hakuna damu. Maoni: kiharusi kipya, shamba la ateri ya kati ya ubongo, kushoto."

Najua faili utaliandika kwa Kiingereza. Mpangilio ni uleule. Mgonjwa huyu yuko ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo kalamu ikitoka mkononi, simu iingie.

NJE YA UBONGO, KWA UFUPI

Naulizwa sana kuhusu tezi dume. Kanuni ni ileile, mpangilio ni tofauti. Kwenye PI-RADS 2.1, mfumo wa kutoa alama za uwezekano wa saratani ya tezi dume, difyusheni ndiyo inayoongoza alama za ukanda wa nje wa tezi, wakati ukanda wa mpito ulio ndani unaongozwa na T2. Unahitaji b ya juu, 1400 au zaidi. Tahadhari ya mwili mzima: wengu, matezi ya limfu na korodani hung'aa kwa asili yake. Tezi la limfu jeupe peke yake si uthibitisho wa saratani iliyosambaa.

MAMBO YAKIGOMA

Sioni ADC kwenye orodha. Mara nyingi ipo lakini haikutumwa. Mwombe radiografa aitengeneze kwenye mashine kutoka b0 na b1000, ni kazi ya dakika. Akishindwa, tumia hesabu ya hatua ya 4.

Picha imepinda au ina shimo jeusi mbele. Chuma. Pini za nywele, klipu za wigi, nyuzi za kung'aa kwenye rasta, waya za meno. Vinavyotoka vitolewe, kipimo kirudiwe. Kuhusu betri ya moyo na klipu za upasuaji ndani ya kichwa, hayo yaulizwe mlangoni kabla mgonjwa hajaiona sumaku.

Mgonjwa hatulii. Agiza difyusheni ipigwe kwanza. Inachukua dakika moja au mbili na haihitaji kontrasti. Ukiiweka mwisho, mgonjwa ameshachoka na utapata ukungu.

ADC na b1000 hazikutani. Mgonjwa alisogea, au umefungua mikato miwili tofauti. Angalia namba ya mkato pembeni, usiamini kwamba programu imezifunga pamoja.

Mgonjwa ana kiharusi wazi, picha ni safi. Hutokea. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2017 ulikuta takriban wagonjwa 7 kati ya 100 wenye kiharusi kipya wana difyusheni safi, na wa shina la ubongo na ubongo mdogo ndio wanaoongoza. Mtu mwenye kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili na kuyumba, usimrudishe nyumbani kwa sababu picha ya saa 3 za mwanzo haina kitu. Omba mikato myembamba ya shina la ubongo, na rudia baada ya siku moja au mbili.

Nataka kukutumia picha. Usitume picha moja. Zima taa ya chumba, funika jina la mgonjwa, rekodi video ukipita b1000 kutoka chini hadi juu, kisha nyingine ya ADC kwa mikato ileile. Nitajie umri, saa aliyoonekana mzima, na sukari. Simu yangu haizimwi usiku.